Mgodi wa zamani ukifufuliwa, nani anaitwa kwanza?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bajaji hapa Tukuyu. Baba yangu alifanya kazi mgodi wa Kiwira mpaka uchimbaji wa chini uliposimama. Sasa huku maneno ni mengi kwamba shimo la zamani linafufuliwa na ajira zitakuwa maelfu. Kuna mtu anaandikisha majina kwa shilingi 150,000, anasema ametumwa na mkandarasi. Nimefikiria kuuza bajaji nikasome uopareta wa eskaveta, kozi ya wiki mbili. Je, nifanye hivyo? Na baba ana miaka 61, kuna uwezekano wakamrudisha?"

Marahaba, mwanangu. La haraka kwanza: huyo mtu usimpe hata mia. Wakala halali wa ajira hulipwa na mwajiri, si na anayetafuta kazi. Mkandarasi anayehitaji watu hupitia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, hubandika tangazo, huita watu kwenye usaili. Hatumi kijana na daftari kijiweni. Nimefanya kazi migodini zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kuona jina lililoandikwa kwenye daftari la namna hiyo likitokea kwenye orodha ya mshahara.

Haya, tushuke shimoni.

Kiwira baba yako anaijua kuliko mimi ninavyoweza kukuandikia, lakini wasomaji wengine hawaijui. Mgodi ulijengwa kwa msaada wa China ukaanza kazi mwaka 1988, ukisanifiwa kutoa tani 150,000 za makaa kwa mwaka, na ulikuwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ukabinafsishwa, baadaye ukarudi serikalini, na leo uko chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Makaa yaliyotoka miaka ya karibuni yametoka Kabulo, upande wa Ileje, nayo yanachimbwa juu kwa juu, si kwa mahandaki. Shika hilo la Kabulo, maana nitalirudia, na ndilo litakaloamua kama bajaji iuzwe au ibaki.

Watu wengi huona mgodi uliofungwa kama nyumba yenye kufuli: akipatikana mwenye ufunguo, kesho watu wanaingia kazini. Handaki halingoji hivyo. Siku pampu inapozimwa maji huanza kupanda, na siku feni inapozimwa hewa huanza kuharibika. Paa nalo halijazimwa na mtu, linaendelea kushuka kidogokidogo usiku na mchana, awepo mtu au asiwepo.

Chukua maji. Tuseme handaki limejaa mita za ujazo 200,000, na una pampu inayotoa mita za ujazo 100 kwa saa bila kupumzika. Hizo ni saa 2,000, yaani siku 83 za usiku na mchana, na hapo nimejifanya sijui mvua ya kwetu. Wewe unaishi Tukuyu, sina haja ya kukuhadithia masika. Yanayoingia wakati unatoa yanaweza kuwa nusu ya unayotoa, na hapo miezi mitatu inageuka sita. Tena huwezi kuyamwaga popote. Maji yaliyokaa kwenye makaa miaka mingi mara nyingi hutoka na chuma na uchachu, utayaona yameacha rangi ya kutu kwenye mawe, na mito ya huku yote inateremka kuelekea Nyasa ikipitia mashamba ya mpunga ya Kyela. Kwa hiyo kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa lazima kuwe na mabwawa ya kuyatuliza, na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, wawe wamepita.

Sasa hesabu watu. Katika miezi hiyo yote ya kutoa maji, pale mgodini kuna waangalizi wa pampu wa zamu tatu, mafundi umeme wachache, wachomeleaji wanaounga mabomba, dereva, walinzi, mpishi na wahandisi wawili au watatu wanaokuja na kuondoka. Wote wanajaa Coaster moja. Na hicho ndicho kipindi ambacho huku nje maneno ya ajira huvuma kuliko wakati wowote, kwa sababu watu wameona magari yakipanda.

Baada ya maji, hewa. Makaa yaliyobaki ukutani hayalali. Yanakula oksijeni polepole na kutoa gesi. Methani ni nyepesi, hukusanyika juu kwenye paa, na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Kaboni dayoksaidi ni nzito, hulala chini miguuni. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliodhani wana usingizi tu. Ndiyo maana anayeingia kwanza hutembea na kipima gesi, anakiinua juu, anakishusha chini, anasubiri kisome, ndipo anapiga hatua nyingine. Niliwahi kushinda saa nne nzima tukiwa watu watatu kwenye mita 60 za handaki. Ukituangalia kwa mbali ungesema tunalipwa kwa uvivu.

Halafu paa. Mwaka wangu wa kwanza chini nilipewa mzee mmoja Mnyakyusa, mfupi, mwenye mtaimbo uliong'aa kwa kushikwa. Kila tulipofika mahali papya alinizuia kwa mkono, akaweka kiganja cha kushoto kwenye jiwe la juu, akaligonga kwa mtaimbo kwa mkono wa kulia. Jiwe zima hulia kama kengele, na kiganja hakisikii kitu. Jiwe lililoachana na wenzake hujibu kwa sauti nzito, kama mtungi mtupu, na kiganja kinasikia mtetemo. Siku moja nilisikia kengele, yeye akasikia mtungi. Tukarudi nyuma tukanywa chai. Kabla chai haijaisha kilishuka kipande kikubwa kama meza ya ofisini. Hakusema neno, alinimiminia kikombe cha pili.

Kwenye shimo lililofungwa miaka mingi, paa hilo lazima ligongwe kila mita na kushikizwa upya: nguzo za mbao zilizooza zitolewe, zipigwe nyingine, au ziwekwe bolti na matao ya chuma. Nguzo za makaa zenyewe, zile zilizoachwa zibebe mlima, nazo zinamomonyoka pembeni na kuwa nyembamba. Hapa ndipo ajira huanza kuongezeka kidogo, lakini ajira ya nani? Ya mtu ambaye ameshawahi kupiga nguzo, na watu hao nchini ni wachache. Wengi wamejifunza kwenye dhahabu kule Kanda ya Ziwa. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye sekta ya madini zinamtaka mwenye leseni atoe kipaumbele kwa Watanzania katika kazi na manunuzi, na viongozi hupenda kuzitaja jukwaani. Sawa. Lakini kijana wa Kahama mwenye miaka kumi chini ya ardhi naye ni Mtanzania. Kanuni haitamweka nyuma yako kwa sababu wewe umezaliwa karibu na lango.

Kama unaona nakukatisha tamaa, angalia jirani. Kayelekera, pale Karonga ng'ambo ya Songwe, ni mgodi wa urani uliosimamishwa mwaka 2014. Uzalishaji umerudi mwaka 2025. Miaka kumi na moja, na ule ni mgodi wa wazi, hauna paa la kugonga. Na kule Uingereza, karibu na mji wa Whitehaven ambao ulichimba makaa kwa karne nyingi, serikali iliidhinisha mgodi mpya wa makaa mwezi Desemba 2022 kwa ahadi ya ajira zipatazo 500. Septemba 2024 mahakama ikatengua kibali hicho. Wapo waliokuwa wameshapanga maisha kwa ahadi ile.

Nirudi Kabulo. Mwekezaji yeyote mwenye akili, akiwa na makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi na mengine yaliyo ndani ya handaki lenye maji, ataanza na yapi? Atachimba ya juu, na shimo la baba yako litaendelea kungoja. Na kuchimba juu kuna hesabu nyingine kabisa ya watu. Tani 150,000 kwa mwaka, ukifanya kazi siku 300, ni tani 500 kwa siku. Kupakia tani 500 za makaa yaliyokwisha kulegezwa, eskaveta moja ya kawaida inamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kazi kubwa ni kuondoa udongo na mwamba wa juu, nayo itahitaji eskaveta nyingine kadhaa, damper, buldoza, greda na watu wa baruti. Ziweke zamu mbili, ongeza mafundi, wapima ardhi, watu wa mizani, wa maabara, wa usalama. Unapata watu kati ya mia na mia mbili, kwa makadirio yangu. Tani zilezile 500 kutoka chini zingeweza kuhitaji mara mbili au tatu ya hao. Kwa hiyo mtu akikwambia mgodi unafunguliwa, swali lako la kwanza liwe: juu au chini?

Swali la pili: nani ananunua? Makaa hayalipi mishahara yakiwa yamerundikwa uwanjani, na yakikaa sana kwenye rundo yanaweza hata kujiwasha yenyewe. Wanunuzi wa kweli wa ukanda huu ni viwanda vya saruji, viwanda vyenye boila, na sasa soko la mkaa mbadala. STAMICO wenyewe wanatengeneza Rafiki Briquettes kwa makaa, na agizo la serikali kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa limewafungulia jikoni za shule na magereza. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei duniani, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini Mtwara kwa wingi ambao bandari ile haikuwa imezoea. Bei ilipotulia, waliokopa kununua malori waliijua habari yake.

Umbali wa mnunuzi nao unaamua ajira kwa namna ambayo watu hawaifikirii. Tani 500 kwa siku ni kama malori 17 ya tani 30. Mnunuzi akiwa kiwanda cha saruji pale Songwe, nje ya Mbeya, lori moja linakwenda na kurudi siku hiyohiyo: madereva 17 wanatosha. Akiwa Dar es Salaam, lori litachukua siku nne mpaka lirudi, na hapo unahitaji madereva karibu 70 na matingo wao. Inapendeza ukiisikia hivyo. Lakini dizeli ya kwenda Dar ndiyo hiyohiyo inayokula bei ya makaa, na bei ikishuka kidogo tu, safari za Dar ndizo za kwanza kukatwa. Ajira inayotegemea dizeli nimeiona ikija na kuondoka ndani ya msimu mmoja wa mpunga.

Swali la tatu ndilo ninalotaka uliandike ukutani: mshahara unatoka kwa nani? Mgodi wa siku hizi hauajiri kama Kiwira ya 1988, yenye nyumba za wafanyakazi na mgodi wenyewe ndio mwajiri. Mwenye leseni huajiri wachache. Uchimbaji anampa mkandarasi, usafirishaji mwingine, chakula mwingine, ulinzi mwingine, na mkandarasi naye anaweza kuwapa wakandarasi wadogo. Wewe utajikuta ngazi ya nne, deiwaka, ukivaa ovaroli yenye nembo ya kampuni ambayo haikujui. Ndiyo maana mimi ajira siihesabu kwa tangazo. Naihesabu kwa NSSF. Ukipewa mkataba wa maandishi, ukaona jina la mwajiri ni lilelile linalopeleka michango yako, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi inalipwa, hiyo ni kazi. Mshahara wa chini wa sekta ya madini nao upo kwenye amri ya serikali, usikubali kuambiwa hapa kwetu hautumiki.

Kuhusu eskaveta. Kozi ya wiki mbili itakupa cheti na picha nzuri ukiwa umekaa kwenye kiti cha opareta. Mkandarasi haulizi cheti tu. Atakuuliza umeendesha saa ngapi, mashine gani, ulifanya kazi na nani, kisha atakupandisha juu aone unavyochota, na kabla hujajaza ndoo ya tatu atakuwa ameshajua. Wenye saa elfu tano wapo wengi, wametoka kwenye barabara na kwenye reli ya SGR, wanatafuta kazi. Kuuza bajaji inayokulisha leo ili ukashindane nao na wiki mbili zako, hapana.

Ukitaka kusoma, soma umeme wa viwandani au ufundi mitambo, pale VETA Mbeya au kwingine, hata kama ni kwa kuunga jioni na wikiendi huku bajaji inatembea. Rudi ukaangalie ile Coaster ya mwanzo. Fundi wa pampu na feni yumo tangu siku ya kwanza ya kutoa maji, yumo mgodi ukichimbwa juu au chini, na ndiye wa mwisho kuondoka. Na mgodi usipofunguliwa kabisa, mota ya pampu haina tofauti kubwa na mota ya kiwanda cha chai hapo Rungwe au ya mashine ya kukoboa mpunga Kyela. Kazi ya opareta ikikosa mgodi unabaki na cheti. Ya fundi mota ikikosa mgodi, unafungua kibanda stendi.

Kuna na wale ambao hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote, kina mama lishe, wapangishaji vyumba, wauza mayai. Hao huona fedha mapema kuliko wachimbaji, kwa sababu hata wale thelathini wa pampu wanakula. Mama yako au dada zako wakitaka kujaribu, waanze na sufuria mbili, wasianze na mkopo wa banda. Wenye mashamba ya miti ya milingoti nao waulize lilelile la juu au chini: handaki linakula nguzo za mbao kila wiki, mgodi wa wazi haukuombi hata fito.

Jambo moja la afya, na hili usilipitie haraka. Siku utakayopata kazi kwenye makaa, iwe juu au chini, pimwa kabla hujaanza. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inataka hivyo, na OSHA ndio wasimamizi. Piga picha ya kifua, uombe nakala, uiweke nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Vumbi la makaa likiganda kwenye mapafu halitoki tena, na huonekana baada ya miaka kumi au zaidi, wakati mkandarasi ameshabadili jina mara tatu. Ukiwa na picha ya siku ya kwanza, utaweza kuonyesha kwamba uliingia ukiwa mzima.

Sasa mzee. Kumrudisha kama mchimbaji, katika miaka 61, hapana, na asikubali. Ila ana kitu ambacho hakuna kijana anayeweza kukileta. Ramani za migodi iliyofungwa mara nyingi husema uongo, kwa sababu miezi ya mwisho watu huchimba bila mpimaji kupita, au karatasi ya mwisho hupotea kwenye makabidhiano. Julai 2002, kule Pennsylvania, Marekani, wachimbaji wa mgodi wa Quecreek walitoboa ukuta wakaingia kwenye mgodi wa jirani uliokuwa umeachwa umejaa maji. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha mgodi ule wa zamani uko mbali. Watu tisa walikaa chini zaidi ya siku tatu kabla ya kutolewa, wote wazima, na dunia ikashangilia. Ramani sahihi ingewaepusha na yote.

Kwa hiyo nunua daftari kubwa lisilo na mistari, mkae na baba yako jioni mbili tatu. Achore kutoka lango la handaki kwenda ndani: tawi la kwanza kushoto liko hatua ngapi, wapi paa lilikuwa linasumbua, wapi maji yalikuwa yanatoka ukutani hata kiangazi, wapi walichimba mwishomwisho kabla ya kusimama. Asikisie. Asipokumbuka aache pawe peupe. Awaite na wenzake waliobaki, wabishane, kwa sababu wakibishana ndipo yatakapotoka yale ambayo mtu mmoja amesahau. Mchoro huo msimpe mtu wa daftari la 150,000. Toeni nakala, pelekeni kwa barua ofisi ya madini ya mkoa na kwa STAMICO, mwombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Atakayefungua lile shimo kwa dhati atahitaji mwelekezi anayelipwa kwa siku, wa kukaa juu na kujibu maswali, na atamtafuta mwenye mchoro.

Muulize na hili, kisha uniandikie: pampu ya mwisho ilizimwa kiangazi au masika?